Mwongozo Kamili wa Mwasumini: Kutoka Kipandikizi Hadi Kikuba

Wengi wanaolalamika kwamba mwasumini wao hautoi maua wana mmea wenye afya tele. Majani yanang'aa, matawi yamepanda ukuta hadi dirishani, lakini maua ni mawili matatu kwa mwezi. Dawa yake haiuzwi dukani: ni mkasi na jua. Asumini huchomoza kwenye ncha za matawi machanga, na ncha iliyokwisha kutoa maua haitoi tena hapo hapo. Mwasumini usiokatwa huishia kuwa kichaka cha majani, na ulio kivulini hautakupa kitu hata ukiukata kila mwezi.

Mbolea, maji na wadudu vina nafasi yao na tutavifikia. Ila ukishika hayo mawili, makosa mengine mmea utakusamehe.

Kwanza, hakikisha ni wenyewe

Ninaouzungumzia ni ule wa kutungia makoja na vikuba (vishada vya maua ya kunukia wanavyovaa wanawake), Jasminum sambac kwa jina la kitaalamu. Asili yake ni Asia ya Kusini, upande wa India na Bhutan. Wafilipino wameufanya ua la taifa lao tangu 1934, na Waarabu wa Yemen na Oman huuita full. Huku kwetu pwani umezoeleka uani na vibarazani kiasi kwamba wengi hudhani ni wa hapa hapa.

Wauza miche huuza kila ua jeupe lenye harufu kwa jina la yasmini, kwa hiyo ukienda kununua tazama majani kabla ya kuuliza bei. Jani la mwasumini ni moja moja, la mviringo wa yai, la kijani kilichokoza na lenye kung'aa. Majani hukaa mawili yakielekeana kwenye kila kifundo, na mara nyingine matatu. Vunja kijitawi kidogo: kikitoa utomvu mweupe kama maziwa, huo si mwasumini. Kama jani limegawanyika kuwa vijani vidogo vitano au zaidi, hiyo ni yasmini ya aina nyingine, nayo ina harufu nzuri lakini matunzo yake yanatofautiana kidogo. Jihadhari zaidi na kile kichaka kinachouzwa kwa jina la "yasmini wa usiku", chenye maua membamba marefu ya kijani-nyeupe yaliyosongamana na harufu inayopiga kichwa. Huo ni Cestrum nocturnum, na matunda yake na majani yake ni sumu. Nyumba yenye watoto wadogo au mbuzi isiupande.

Ndani ya mwasumini wenyewe kuna aina tatu utakazokutana nazo. Ya kwanza ina petali za safu moja. Hukua haraka, huzaa sana, na ndiyo ninayomshauri anayeanza. Ya pili ina safu mbili au tatu. Ya tatu imejaa petali hadi ua likawa la duara kama waridi dogo. Inapendeza mno, lakini hukua polepole, huzaa kwa uchache na maua yake huoza haraka mvua ikinyesha. Kama una nafasi ya mmea mmoja tu, usiichague hiyo.

Kupata mche bila kununua

Mwasumini mara chache sana hufunga mbegu, kwa hiyo huzalishwa kwa vipandikizi. Kila anayekata wake ana vipande vya kutupa, na jirani ukimwomba vizuri hatakunyima.

Chagua tawi ambalo halijawa gumu kabisa wala si teke teke: ukilikunja linapinda kidogo kisha linakatika. Rangi ya gome lake iwe inaanza kutoka kijani kwenda kahawia. Kata kipande cha sentimita 12 hadi 15 chenye vifundo vitatu au vinne, na mkato wa chini upite chini kidogo tu ya kifundo, kwa sababu mizizi huanzia hapo. Ondoa majani yote ila mawili ya juu, nayo uyakate nusu ili yasipoteze maji mengi. Kama kuna kitumba cha ua kitoe, vinginevyo kipandikizi kitamaliza nguvu zake kwenye ua badala ya mizizi.

Changanya mchanga wa mtoni na mboji, nusu kwa nusu. Usitumie mchanga wa baharini, chumvi yake itaua mizizi kabla haijatoka. Jaza kwenye viriba au makopo yaliyotobolewa chini, lowesha, toboa shimo kwa kijiti, zamisha kipandikizi hadi vifundo viwili viwe chini ya udongo, kisha bana udongo kwa vidole. Funika kwa chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa kitako, kifuniko ukiwa umekiondoa ili hewa ipite. Weka mahali penye mwanga lakini pasipopigwa na jua moja kwa moja. Udongo uwe na unyevu muda wote bila kuwa tope.

Mizizi hutoka baada ya wiki nne hadi sita. Usivute kipandikizi kuangalia kama kimeshika, maana hapo ndipo vingi hufa. Dalili ni jani jipya linaloendelea kukua. Ukiliona, ondoa chupa na uanze kukizoesha jua la asubuhi kidogo kidogo. Panda vipandikizi vitano au sita hata kama unataka mmoja.

Njia nyingine, ya mvivu na ya uhakika zaidi: chukua tawi refu la chini, likwangue kidogo kwa kisu upande wa chini kwenye kifundo, lilaze ardhini, lifukie sehemu hiyo na uweke jiwe juu yake. Ncha iache nje. Litaota mizizi likiwa bado linalishwa na mama yake, na baada ya miezi miwili au mitatu utalikata na kulihamisha.

Mahali pa kupanda

Saa sita za jua kwa siku ndicho kiwango cha chini. Kabla ya kuchimba, angalia pale mahali asubuhi, adhuhuri na alasiri. Uwanja mwingi wa nyumba za mjini una kivuli cha ghorofa ya jirani kinachohama bila wewe kukitilia maanani. Watu hupenda kuuweka chini ya dirisha la chumba cha kulala ili harufu iingie usiku. Ni wazo zuri kama dirisha lenyewe linapata jua. Kama halipati, panda penye jua na maua uyalete ndani kwa mkono.

Pwani kuna kisa cha udongo, na hapa nitakaa kidogo. Ardhi ya sehemu nyingi za Unguja, Lamu, Mombasa na Mafia ina jiwe la tumbawe, yaani chokaa tupu. Juu ya hilo, mafundi wakimaliza kujenga hufukia vifusi vya saruji na chokaa chini ya ukuta, pale pale unapotaka kupanda. Mwasumini hupenda udongo wenye asidi kidogo, pH (kipimo cha asidi) kati ya 6 na 7. Kwenye chokaa nyingi mizizi hushindwa kuchukua madini ya chuma hata kama yamo, na majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Ukiona rangi hiyo, usikimbilie kuongeza maji wala urea. Na usimwage majivu. Najua wengi tumefundishwa kwamba majivu ni mbolea ya maua, na kwenye udongo mwingine yanafaa, lakini kwenye chokaa yanazidisha ugonjwa ule ule.

Kinachosaidia ni kuchimba shimo kubwa, sentimita 45 kila upande, kutoa vifusi vyote, na kujaza udongo mwekundu au mweusi uliotoka kwingine ukichanganywa na mboji au samadi iliyooza vizuri, ndoo mbili za udongo kwa moja ya samadi. Kaa mbali na ukuta angalau mita moja. Kama manjano yameshaingia kwenye mmea mkubwa, pulizia mbolea ya majani yenye chuma kila baada ya wiki mbili hadi majani mapya yatoke na rangi nzuri, na tandaza mboji kuzunguka shina kila msimu. Au panda kwenye chungu na uachane na ardhi kabisa.

Panda mwanzoni mwa masika au vuli ili mvua ikusaidie. Mche ukae kwenye kina kile kile uliokuwa nacho kwenye kiriba. Kama unapanda mistari, acha mita moja na robo kati ya mche na mche. Samadi mbichi ya kuku usiitie shimoni; itaunguza mizizi.

Kwa wa chunguni: chungu chenye mdomo wa sentimita 30 au zaidi na matundu ya kutosha chini. Ndoo kuukuu ya rangi inafaa kabisa ikitobolewa na kuoshwa. Kila baada ya miaka miwili toa mmea, kata robo ya nje ya mizizi, badilisha udongo, rudisha. Ukiona vinundu vinundu kwenye mizizi hiyo, ni kazi ya minyoo fundo, minyoo midogo inayoshambulia mizizi. Tupa udongo wote, tena mbali na bustani, na uanze upya kwa kipandikizi kilichokatwa juu.

Maji

Choma kidole kwenye udongo hadi kifundo cha pili. Pakavu, mwagilia, pana unyevu, acha. Mmea wa ardhini uliokwisha kushika hutaka maji mengi mara mbili au tatu kwa wiki wakati wa kiangazi kuliko kikombe kila siku. Wa chunguni kwenye jua la Januari huenda ukahitaji kila asubuhi.

Maji ya visima vya pwani mara nyingi yana chumvi. Ncha za majani zikiungua na kuwa kahawia ilhali udongo una unyevu, shuku kisima chako. Kinga maji ya mvua kwa ajili ya mmea huu, na mara moja moja mwagilia hayo kwa wingi ili yasukume chumvi chini ya mizizi.

Mkasi

Tazama kwa karibu ncha ya tawi inayotaka kutoa maua. Utaona vitumba vitatu vimekaa pamoja, cha kati kikubwa na viwili pembeni vidogo. Cha kati hufunguka kwanza, kisha vile vya pembeni. Vikishaanguka vyote, pale panabaki vijikonyo vikavu, na tawi husimama kama limemaliza kazi. Hapo ndipo unapokata: shuka vifundo viwili chini ya vile vikonyo, juu kidogo tu ya jozi ya majani, kwa mkato wa kukingama. Kwenye kwapa za majani yale mawili yatatoka matawi mawili mapya, kila moja na maua yake nchani. Tawi moja limekuwa mawili. Fanya hivyo kila unapochuma na mwasumini wako utajaza wenyewe.

Huo ndio ukataji mdogo wa kila siku. Ule mkubwa hufanywa mara moja kwa mwaka, nao ndio unaotisha watu.

Pwani ya Afrika Mashariki mimi huupendelea mwishoni mwa Agosti au Septemba, kipupwe kikiwa kinaondoka na joto linarudi, vuli ikiwa njiani. Anza kwa kuunyima mmea maji: punguza kwa siku kumi hadi kumi na nne, majani yalegee kidogo. Kisha chukua mkasi mkali wa kupogolea, ufute kwa spiriti, na ukate mmea mzima hadi kimo cha sentimita 45 au 50 kutoka ardhini. Ndiyo, mzima. Ondoa matawi makavu kuanzia chini kabisa, yanayosuguana, na yale membamba yaliyojificha ndani. Majani yaliyobaki yachume kwa mkono. Utabaki na vijiti, na mtu akipita atakuuliza umekosana na nani.

Baada ya hapo lisha na nywesha. Zungushia samadi iliyooza, debe zima kwa mmea mkubwa, umbali wa shibiri moja kutoka shinani, changanya na udongo wa juu kwa jembe dogo bila kuchimba sana, kisha mwaga maji mengi. Machipukizi huanza kuonekana ndani ya wiki mbili hivi, na vitumba vya kwanza hufuata wiki ya sita hadi ya nane kukiwa na joto. Hesabu hiyo ina faida nyingine: kama kuna harusi nyumbani na unataka asumini za kutosha, rudi nyuma wiki nane kutoka siku ya harusi na ukate hapo. Ukiwa na mimea miwili, mmoja ukate wiki mbili baada ya mwingine, usije ukategemea siku moja.

Mche wa mwaka wa kwanza haukatwi hivyo. Ubane ncha tu unapofika kimo cha goti ili utanuke, na vitumba vyake vya mwanzo vitoe. Inauma, lakini mmea mchanga ukiachwa uzae mapema hudumaa.

Ukitaka upande ukuta, utafungia matawi kwenye waya na utapata kivuli kizuri, ila maua mengi yatakuwa juu usipofikia. Kwa anayetaka kuchuma, kichaka cha kimo cha kifua ndicho bora.

Mbolea baada ya hapo

Tumia NPK ya 17:17:17 (mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa), kijiko kikubwa kimoja kwa mmea wa ardhini kila baada ya wiki sita wakati wa joto, ikizungushiwa mbali na shina na kufuatiwa na maji. Wa chunguni upe nusu ya kiasi hicho kwa muda ule ule, au mbolea ya maji iliyozimuliwa kila wiki mbili. Wakati wa baridi acha. Urea na CAN, mbolea za naitrojeni, peke yake huleta majani mapana ya kupendeza na ua hulioni, na vidukari huyapenda majani laini ya namna hiyo.

Wadudu

Kagua chini ya majani kila wiki. Vidungata, wale weupe kama pamba kwenye makwapa ya majani, wafute kwa pamba yenye spiriti wakiwa wachache. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, ujue wanafuata utamu unaotolewa na vidungata au vidukari. Mtafute mwenyeji wao. Ule ukungu mweusi kama masizi juu ya majani nao chanzo chake ni utamu huo huo, na ukiwamaliza wadudu utafutika.

Utitiri huja wakati wa ukavu. Majani hupauka na kuwa na vidoa vidoa, na kwa chini kuna utando mwembamba. Wapige kwa maji ya mpira kwa nguvu, chini ya majani, siku tatu mfululizo. Wakiendelea, changanya mililita 5 za mafuta ya mwarobaini na matone ya sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, pulizia jioni jua likishazama, rudia baada ya wiki.

Vitumba vikigeuka zambarau kabla ya kufunguka kisha vikaanguka, pasua kimoja kwa ukucha. Ukikuta funza, chuma vyote vyenye rangi hiyo pamoja na vilivyoanguka chini na uvichome. Usiviache ardhini, kwani wengi wa wadudu hawa hukamilisha maisha yao ndani ya udongo chini ya mmea. Ua lililokwisha kufunguka kuwa na wekundu-zambarau asubuhi si ugonjwa. Ni kuchoka kwake tu.

Dawa kali za dukani ziepuke kabisa kwenye mmea ambao maua yake yanakwenda kwenye nywele, kitandani au kwenye chai.

Nje ya pwani

Nairobi, Arusha na nyanda za juu, mwasumini husinzia miezi ya Juni na Julai. Uweke chunguni mbele ya ukuta unaotazama kaskazini, maana miezi hiyo jua liko upande huo, na ukataji mkubwa uusogeze hadi Septemba au Oktoba. Muscat na miji ya Ghuba, ukinge na jua la alasiri kuanzia Mei, na maji yawe jioni. Walioko Ulaya na Amerika Kaskazini watauweka ndani kwenye dirisha lenye jua jingi zaidi wakati wa baridi, usiguswe na joto lililo chini ya nyuzi 10, na watautoa nje kiangazi chao.

Kuchuma

Asumini hufunguka jioni na kumwaga harufu usiku kucha. Ikifika asubuhi imeshapungua nguvu. Kwa hiyo chuma alasiri, vitumba vikiwa bado vimefumba. Kitumba cha kuchuma ni kile kilichokuwa cheupe kabisa na kuvimba. Kikiwa na kijani hakitafunguka ukishakitoa mtini, hivyo kiache hadi kesho. Bana kikonyo kwa kucha, usivute.

Kwa koja, pitisha sindano kwenye kile kijimrija kilicho chini ya kitumba, usitoboe petali, kwa uzi wa pamba uliolowa kidogo. Kwa kikuba utahitaji pia mrehani, vipande vya mkadi (ua refu la kunukia) na, ukipata, waridi. Kama shughuli ni kesho, vifunge vitumba kwenye kitambaa cha pamba chenye unyevu, vizungushie jani la mgomba, weka sehemu ya chini ya friji. Vitakaa vimefumba na vitafunguka ukivitoa kwenye joto.

Kwa chai, tandaza maua yaliyofunguka juu ya majani makavu ya chai ndani ya kopo lenye kifuniko usiku mmoja, asubuhi uyatoe yote kabla hayajaanza kulowesha chai.

Na mwasumini ukishazeeka, shina likiwa nene na machipukizi baada ya kukatwa yakitoka machache na dhaifu miaka miwili mfululizo, usiung'ang'anie. Chukua vipandikizi kwenye matawi yake bora, uoteshe, na mche mpya uupande mahali pengine pa bustani, sio kwenye shimo lile lile.